UZI: DD-214 yangu (cheti cha kutoka jeshi la Marekani) ilisema sikuwahi kukanyaga Afghanistan. Hivi ndivyo nilivyoisahihisha

#1 DerevaWaZamani

Wakuu, salaam. Humu tuko wengi tuliovaa magwanda ya Marekani, wengine bado mmo, wengine mna watoto wanaojiandaa kula kiapo. Haya nimekaa nayo muda mrefu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga, ametoka jeshini juzijuzi, alinionyesha karatasi zake nikaona kosa lilelile lililonihangaisha mimi miaka. Nikasema hapana, hili liandikwe kwa Kiswahili lisomwe na kila mtu.

Niliingia jeshi la nchi kavu mwaka 2012 nikiwa na grini kadi. Kazi yangu ilikuwa 88M, dereva wa malori. Mwaka 2013 kikosi chetu kikapelekwa Afghanistan, tukakaa miezi tisa tukivusha mizigo kutoka Bagram kwenda kambi ndogondogo. Nikatoka 2016 kwa heshima.

Siku ya kutoka, karani wa kambi alinigeuzia skrini akasema pitia, halafu weka sahihi kisanduku cha 21. Nyuma yangu foleni. Mke wangu yuko nje kwenye gari na mtoto mchanga, na mbele yetu safari ya saa kumi na nne. Nikasoma jina langu, nikasoma tarehe, nikashuka hadi kisanduku cha 24 nikaona neno la heshima. Nikachomeka kadi, nikatia sahihi.

Sikusoma kisanduku cha 13, cha 12 wala cha 18. Hayo ndiyo makosa yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Mwaka 2018 niliomba kazi ya serikali kuu. Nilijua nina pointi tano za upendeleo wa maveterani. Jibu likaja kwamba kwa nyaraka nilizoleta, sistahili. Nilidhani wamekosea, nikaifungua DD-214 nikaisoma kwa mara ya kwanza kama inavyotakiwa kusomwa. Kisanduku cha 13, mahali pa nishani, palikuwa na National Defense Service Medal, Global War on Terrorism Service Medal na utepe wa Army Service, basi. Afghanistan Campaign Medal haipo. Medali ya NATO haipo. Army Commendation Medal, ambayo kamanda alinibandika kifuani mbele ya kombania nzima, haipo. Kisanduku cha 12f, utumishi wa nje ya nchi: sifuri. Kisanduku cha 18, ambako huandikwa nchi uliyopelekwa na tarehe zake, hakina neno Afghanistan.

Miezi tisa ya maisha yangu haikuwepo. Na wenzetu wawili hawakurudi kutoka kule. Niliikunja ile karatasi nikakaa nayo gizani sebuleni mpaka mke wangu akaja kuniuliza kuna nini.

#2 DerevaWaZamani

Naendelea.

Kwanza muelewe kwa nini medali moja inaweza kukunyima kazi, maana wengi hudhani ni urembo wa kifuani. Mtu aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, sehemu yake ikiangukia kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010, anapata zile pointi tano kwa tarehe zake tu. Baada ya hapo tarehe peke yake haitoshi. Sisi tulioingia baadaye tunahitaji medali ya kampeni, kama ile ya Afghanistan, na mwajiri wa serikali anaitafuta kwenye DD-214. Mimi niliingia 2012, kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye mstari mmoja ambao haukuandikwa.

La pili ni afya. Sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 10, 2022 inawabebea mzigo wa kuthibitisha watu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Ukipata baadhi ya magonjwa, VA, idara ya maveterani, inachukulia kwamba chanzo ni utumishi wako, ilimradi ulikuwa kwenye nchi zilizotajwa. Afghanistan imo. Lakini lazima kumbukumbu ionyeshe ulikuwa kule! Bagram tulikuwa na shimo la kuchomea taka, na kifua changu nakijua mwenyewe.

Kwa nini huwa inatokea? Karani anayeandaa DD-214 hajui ulikokwenda. Anajua kilichomo kwenye jalada lako tu. Cheti cha medali kilichotolewa jangwani kikabaki kwenye begi lako, na amri ya safari iliyobaki kwenye kompyuta ya kikosi, kama hakuna aliyeviingiza kwenye jalada, kwake havipo. Simlaumu yule karani wangu. Ila namwambia kila kijana anayetoka sasa: foleni ikungoje. Soma.

#3 MamaZawadi

Mwanangu, pole sana kwa yote. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikwenda Iraq 2005 akarudi 2006, na kila siku alisema alipewa nishani ya Bronze Star. Amefariki 2021. Nataka iandikwe kwenye jiwe la kaburi, nikaambiwa kwenye karatasi yake haipo. Je, mimi mke naweza kuomba, au mpaka awe yeye mwenyewe?

#4 DerevaWaZamani

Shikamoo mama. Pole kwa msiba.

Unaweza. Sheria ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, kifungu cha 1552, inamruhusu mjane, mtoto au mrithi halali kuomba kwa niaba ya marehemu, akiambatisha cheti cha kifo. Ila usianzie kwenye maombi ya kusahihisha. Anza kwa kuomba jalada lake lote kwa fomu SF-180. Mjane ambaye hajaolewa tena anahesabiwa ndugu wa karibu, kwa hiyo hawatakunyima. Andika wazi kwamba unataka jalada zima, si DD-214 peke yake, maana ukinyamaza watakuletea ile karatasi moja ambayo tayari unayo.

Halafu mama, tafuta amri. Bronze Star haitolewi kwa mdomo. Kuna cheti, na kuna amri yenye namba na tarehe. Kagua masanduku, kagua nguo zake za jeshi, kagua hata ndani ya fremu za picha ukutani, wanajeshi huficha vyeti nyuma ya picha. Rudi hapa utuambie umepata nini.

#5 DerevaWaZamani

Sasa nilichofanya mimi, kwa mpangilio.

Niliomba jalada langu kupitia milConnect, tovuti ya jeshi. Lilipokuja nikaona mwenyewe: amri ya kwenda Afghanistan haimo, cheti cha medali hakimo. Bila hatua hii ungekuwa unapigana na kivuli. Ukishalisoma jalada unajua kilichopungua ni nini, na unachopaswa kuwapelekea ni kipi.

Kisha nikapekua kila kilichobaki nyumbani. Na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo niliposhindia.

Wakuu, hati yenu ya malipo ya kila mwezi, ile LES, ni shahidi kuliko picha mia. Picha ya wewe na bunduki mbele ya mlima haithibitishi chochote. Lakini ukiwa eneo la hatari serikali inakulipa dola 225 kwa mwezi za mazingira ya vita, na mshahara wa askari wa kawaida haukatwi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa miezi hiyo. Vyote viwili huonekana kwenye LES. Nilikuwa nimejitumia LES zangu kwa barua pepe kwa sababu ya mkopo wa gari, wala si kwa akili. Nikazipata zote tisa. Mwezi baada ya mwezi, 225, 225, 225. Mke wangu alizipanga kwenye meza ya chakula kama karata, akasema, haya, waambie sasa hukuwepo.

Nikaongeza cheti cha Army Commendation Medal, ambacho chini kina namba ya amri. Cheti cha medali ya NATO. Fomu ya madai ya safari niliyojaza tuliporudi, ina tarehe za kuondoka na kufika. Na amri ya kikosi yenye majina yetu, aliyonitumia sajenti wangu wa zamani, yeye alikuwa ameihifadhi.

Vyote nikavituma pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Nilikuwa nimeandika kurasa nne za uchungu, mshauri wa maveterani wa kaunti akanisomea kwa upole akaniambia, ndugu, huyu atakayeisoma anataka kujua kisanduku kipi, kisomeke vipi, na ushahidi uko kiambatisho kipi. Nikaandika upya. Kisanduku cha 13, ongeza hizi, tazama kiambatisho A hadi C. Kisanduku cha 12f, badala ya sifuri andika miezi tisa, tazama D. Kisanduku cha 18, ongeza utumishi Afghanistan kuanzia tarehe fulani hadi fulani, tazama D na E.

#6 KijanaWaRizevu

Mkuu, uliipeleka moja kwa moja kwenye bodi? Mimi nimeambiwa nijaze DD 149.

#7 DerevaWaZamani

Hapana, na hili wengi wanakosea. DD 149 ni ya bodi ya kusahihisha kumbukumbu, na bodi inataka uwe umemaliza kwanza njia za kawaida. Kosa la wazi lenye karatasi mkononi husahihishwa na ofisi ya kumbukumbu bila bodi kukaa. Kwa sisi wa nchi kavu niliyoandikia ni Kamandi ya Rasilimali Watu, Fort Knox, Kentucky. Baada ya miezi mitano ikaja DD-215.

DD-215 ni nini: ni karatasi ya masahihisho. Haifuti DD-214, inaambatana nayo. Inasema kisanduku fulani kisomeke hivi. Kwa hiyo msitegemee kupokea DD-214 mpya inayong'aa, na msiitume moja bila nyingine. Mimi nimezibana pamoja na kuzipiga nakala kama hati moja.

Ilikuja na medali ya Afghanistan, ya NATO, Army Commendation, miezi yote tisa na tarehe zake. Nilipeleka pointi zangu tano kwenye tangazo lililofuata la kazi, na leo niko kazini.

Kitu kimoja walikataa: Combat Action Badge. Nitaeleza chini.

#8 KijanaWaRizevu

Basi wangu mgumu kidogo. Nilikuwa askari wa akiba. Niliitwa miezi kumi nikapelekwa Djibouti, Camp Lemonnier, wakanitumia sana kutafsiri tulipokutana na maofisa wa Kenya na Tanzania. Baadaye nikaingia utumishi wa muda wote miezi 26. DD-214 ya mwisho inaonyesha hiyo 26 tu. Ile miezi kumi haimo kisanduku cha 12d, na sikumbuki kama nilipewa karatasi ya Djibouti. Chuo wameniambia GI Bill yangu, ule msaada wa masomo kwa maveterani, ni asilimia 80.

#9 DerevaWaZamani

Ndugu yangu, hiyo miezi kumi ni pesa nyingi. Post-9/11 GI Bill hupangwa kwa miezi ya utumishi hai: 24 hadi kabla ya 30 ni asilimia 80, 30 ni 90, 36 ni 100. Na 26 kujumlisha 10 ni 36 kamili.

Una kazi mbili tofauti, usizichanganye. Ya kwanza, askari wa akiba akiitwa kwa amri ya siku 90 au zaidi anastahili DD-214 ya kipindi hicho. Kama haikutolewa, hiyo si ya kusahihishwa, ni ya kutolewa. Omba itolewe, ukiambatisha amri ya kuitwa, amri ya kuachiwa na LES za miezi hiyo kumi. Ya pili, ikishatoka, ndipo unaomba 12d ya ile ya mwisho isahihishwe, ukitumia hiyo mpya kama ushahidi.

Na Djibouti imo kwenye orodha ya nchi za sheria ya PACT kwa waliokuwapo tangu Septemba 11, 2001. Kwa hiyo hata kama ungekuwa umeshamaliza chuo, ningekuambia uitafute karatasi hiyo.

#10 NahodhaWaPwani

Mimi nilikuwa Navy, na binamu yangu ni wa anga. Na sisi Fort Knox?

#11 DerevaWaZamani

La. Navy masahihisho madogo yanaanzia Millington, Tennessee, na bodi yenu ni BCNR, mko pamoja na Marines. Wa anga ni ofisi ya watumishi iliyopo San Antonio, nao wana bodi yao. Fomu ya bodi ni ileile DD 149 kwa wote. Fomu ina anwani za bodi zote, soma vizuri kabla ya kutuma.

#12 MkweWaOhio

Mleta uzi, umenigusa. Baba mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, alipigana Korea, alitoka nchi kavu 1953. Tumeomba jalada, jibu limekuja kwamba huenda liliungua. Mzee ana miaka zaidi ya tisini na anaamini wamemfuta kwa makusudi. Nimjibu nini?

#13 DerevaWaZamani

Mwambie kwa upole kwamba moto ni wa kweli, na haukumchagua yeye. Julai 12, 1973 moto ulizuka ghorofa ya juu ya kituo cha kumbukumbu cha taifa kule Overland, karibu na St. Louis. Yaliteketea majalada milioni 16 hadi 18. Kwa nchi kavu, waliotoka kati ya Novemba 1, 1912 na Januari 1, 1960, asilimia 80 hivi ya majalada yalipotea. Anga nao walipoteza karibu asilimia 75 kwa waliotoka kati ya Septemba 25, 1947 na Januari 1, 1964, wale ambao majina yao ya ukoo yanakuja baada ya Hubbard kwa alfabeti. Hakukuwa na nakala wala filamu ndogo. Mzee wako wa 1953 anaangukia katikati kabisa.

Lakini kuungua kwa jalada si mwisho. Kuna fomu NA 13055 ya kuwasaidia kulijenga upya. Humo wanataka kikosi chake, kombania yake, miezi aliyokuwepo, hospitali kama alilazwa. Kwa hizo wanakwenda kutafuta penginepo: taarifa za kila asubuhi za kombania, ambazo ziliandika nani kaumia na nani kahamishwa, na hati za malipo ya mwisho. Kama aliwahi kudai chochote VA miaka ya nyuma, kule nako kuna jalada lenye nakala.

Kaa na mzee, mkuu. Muulize kombania yake, muulize jina la mtu aliyelala kitanda cha pili. Andika yote leo. Hilo usiliahirishe hata wiki.

#14 MjukuuWaAskari

Na babu yangu aliyekuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, Bonde la Kabaw kule Burma 1944? Nyumbani tuna picha tu.

#15 DerevaWaZamani

Heshima kwa babu. Huo mlango ni wa Uingereza, fomu hizi hazihusiki. Anza na namba yake ya askari, itafute kwenye kila karatasi iliyobaki kwenye ukoo. Fungua uzi wake, nitakuja kusoma.

#16 KijanaWaRizevu

Kuna kampuni imenipigia inataka dola 900 inifanyie. Nimeweka hapa chini picha ya DD-214 yangu mnisaidie kuangalia.

#17 DerevaWaZamani

Ndugu, iondoe hiyo picha sasa hivi. Ina namba yako ya hifadhi ya jamii na kila kitu mwizi anachohitaji.

Na usilipe. Kuomba DD-215 ni bure, DD 149 ni bure. Ofisi ya maveterani ya kaunti yako ni bure, na vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW vina wawakilishi wanaosaidia bila kutoza. Ofisi ikikaa kimya miezi mingi, mwandikie mbunge wako wa Kongresi. Kila mbunge ana mtu wa kushughulikia maveterani, utasaini fomu ya kumruhusu aulizie. Haikupi ushindi, ila barua yako inatolewa chini ya rundo.

#18 DerevaWaZamani

Nilisema nitaeleza ile beji.

Mwezi wa sita wetu kule, lori la mbele yangu lilikanyaga bomu, na langu likarushwa pembeni. Combat Action Badge ni kwa askari aliyekuwepo na kushambuliwa na adui. Nilistahili. Lakini hakuna aliyejaza karatasi, na bila amri yenye namba ofisi ya kawaida haiwezi kuiandika. Wengi mtakuta hapa: medali ya kampeni unaipata kwa kuwa ulikuwepo, beji na nishani za ushujaa zinahitaji mtu aliyeamua na kusaini.

Kwa hiyo nikaenda bodi kwa DD 149. Muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Wanaanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu ya serikali iko sawa, na ni kazi yako kuonyesha kwamba haiko sawa. Sheria inawataka wamalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi kumi, na yote ndani ya kumi na minane.

Nilipeleka hati za kiapo za watu wawili. Mmoja ni sajenti aliyekaa kiti cha kulia kwangu siku ile. Hakuandika kwamba mimi ni shujaa. Aliandika tarehe, barabara, saa, nani alikuwa wapi, na kwamba aliniona nikitokwa damu sikioni. Kilichomuunga mkono ni kipande cha karatasi cha zahanati, cha jioni ileile, kwamba nilipimwa kichwa baada ya mlipuko. Kilikuwa kwenye jalada langu la matibabu, si kwenye jalada la utumishi. Omba majalada yote mawili, wakuu.

Baada ya miezi kumi na mitano uamuzi ulikuja. Wamekubali. DD-215 ya pili ina mstari mmoja tu.

Nilimpigia sajenti. Hatukuongea sana, tulitaja majina ya wale wawili.

#19 MamaZawadi

Mwanangu, nimekaa siku tatu nikipekua. Haikuwa kwenye sanduku wala nyuma ya picha. Ilikuwa ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara nne. Ni amri, ina namba, ina tarehe ya 2006 na jina lake. Mikono inanitetemeka. Niitume kesho?

#20 DerevaWaZamani

Mungu ni mwema, mama. Kesho nenda ukapige nakala, mbele na nyuma, kurasa zote, hata ile isiyo na maandishi. Piga na picha kwa simu, mtumie mtoto wako mmoja akae nazo. Nakala ndiyo itakayokwenda, pamoja na cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Ile yenyewe irudishe ndani ya Biblia, usimpe mtu yeyote.

Ukishafanya hivyo nitumie ujumbe wa faragha, tuandike barua pamoja.